Giaboksi Iliyokuwa Ikizaa Oili

Ipo Jumatatu moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, kisha nakasirika, kisha nanyamaza. Nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu ya baba mdogo, nyuma ya nyumba yetu pale Magomeni, Kilosa. Mkono mmoja una spana, mwingine una kikombe cha plastiki, nakinga oili nyekundu ya giaboksi. Nilikuwa naipunguza. Jumatatu iliyotangulia niliipunguza pia, na ile ya kabla yake. Kila Jumatatu nikichomoa stiki ya kupimia naikuta oili imepanda juu ya alama, na kila Jumatatu najiuliza swali lilelile: hivi hii giaboksi inazaa?

Usinicheke bado. Ngoja kwanza nikueleze nilifikaje huko chini.

Mimi ni mtoto wa dereva. Babu yangu aliletwa Kilosa na kazi ya reli, baba akakulia kwenye kambi za mkonge, akapewa lori la shamba akaliendesha mpaka macho yakamkatalia. Hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumwachia usukani, basi akaniachia mimi, na waliosema walisema mpaka wakachoka. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini yapo mambo mawili aliyonifundisha kwa ukali kuliko hata sala. La kwanza, usimwamini mtu anayekuambia barabara imekauka kama yeye mwenyewe hajapita. La pili, oili hupimwa asubuhi, injini imezimwa, gari limelala na kutulia, kabla dereva hajanawa uso. "Ikipungua ongeza, ikizidi punguza," alikuwa akisema. "Oili ikizidi hutafuta pa kutokea, na itapasua sili, ile mipira inayoizuia isivuje." Alifariki nikiwa na miaka ishirini na minne. Hakuacha nyumba wala ng'ombe. Aliacha maneno hayo, na mimi niliyashika kama mtu anavyoshika urithi.

Sasa baba mdogo, mdogo wake baba, jina lake Severini, alikuwa mfanyabiashara wa mboga na kuku. Akanunua pikapu kuukuu kwa mtu aliyekuwa anahama, na alipoileta nyumbani ndipo ilipojulikana kwamba ni otomatiki. Enzi hizo, mwanangu, kwetu gari la otomatiki lilikuwa kichekesho. Madereva wa pale stendi walikuja kulitazama kama watu wanavyotazama mbuzi mwenye miguu mitano. "Halina klachi? Hilo si gari, hilo ni kiti cha kupumzikia. Mpe mwanamke." Hakuna dereva mwanamume aliyekubali kuonekana ndani yake. Kwa hiyo baba mdogo akanipa mimi. Wakati mwingine mlango hufunguliwa kwa dharau. Usisimame kuuliza umefunguliwaje, pita.

Nilipita. Mara tatu kwa wiki nilitoka Kilosa na mchicha, nyanya, ndizi na matenga ya kuku, nikapita Ulaya, kile kijiji cha njiani, nikaenda mpaka Mikumi kwenye mabanda ya chakula, kule kwenye barabara kuu ambako malori husimama na madereva hushuka wakiwa na njaa ya siku nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mume, sina shamba, nina leseni. Wapishi wa Mikumi walinijua kwa honi. Sijapata kuwa na furaha kama ile, na nakuambia wazi ili ujue nilikuwa naogopa kupoteza nini.

Asubuhi zote nilifuata amri ya marehemu baba. Nilipima oili ya injini, nikapima na ya giaboksi, maana ile ya otomatiki nayo ina stiki yake. Na hapo ndipo kizaazaa kilipoanzia. Siku ya kwanza tu niliikuta ya giaboksi iko juu ya alama. Nikasema, yule aliyetuuzia alikuwa mzembe, amejaza kupita kiasi. Nikaingia chini, nikalegeza nati ya sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, nikatoa vikombe viwili tu nisije nikapitiliza, na asubuhi zilizofuata nikaikuta kwenye alama. Siku zikapita, Jumapili gari likapumzika, Jumatatu nikapima: imepanda tena. Nikapunguza. Jumatatu nyingine, vilevile. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Kwamba giaboksi ya baba mdogo ni mjamzito? Ile oili niliihifadhi kwenye kidumu cha mafuta ya kula, nikakisukuma chini ya kiti cha dereva, maana baba hakuwa mtu wa kumwaga kitu.

Baada ya wiki kama tatu gari likaanza kuumwa.

Na ugonjwa wenyewe, ee, ulinivuruga akili. Asubuhi nikiweka gia ya kwenda mbele, gari linakaa kimya kama halijasikia, halafu ghafla linashtuka na kuruka. Tambarare linakwenda vizuri mpaka najilaumu kwa kulisingizia. Nikifika penye mwinuko, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, na gari lenyewe halisogei. Nakanyaga mafuta linalia tu. Nikisimama robo saa likapumzika, linaondoka kama si lenyewe. Siku nyingine kona ya kulia linalegea, kona ya kushoto halilegei. Jumatano moja lilikwenda Mikumi na kurudi bila kosa hata moja, likiwa limejaa ndizi mpaka juu. Kwa nini Jumatano ile? Mpaka leo sijui, mwanangu, na nimekuwa bibi.

Basi penye wengi pana mengi. Abiria mmoja wa Ulaya aliniambia petroli ina maji. Muuza mkaa akasema injini imechoka. Mama mmoja tuliyesali naye akasema gari limenunuliwa kwa mtu mwenye kinyongo, likanyunyiziwe maji ya baraka. Tukalinyunyizia, na siku hiyo likagoma mapema zaidi. Madereva wa stendi ndio kabisa, walifurahi. "Tulikwambia. Gari lisilo na klachi halina moyo." Kila aliyeniambia jambo nilimwamini mpaka nikutane na anayefuata. Kichwa changu kikawa kama soko siku ya gulio.

Nikalipeleka kwa Fundi Chande, aliyekuwa na gereji yake hapohapo mjini Kilosa. Chande alikuwa fundi mwaminifu wa malori, mikono yake inajua kila lori lililopita bonde lile, ila otomatiki alikuwa amezigusa mbili tu maisha yake yote, na alisema hivyo bila aibu. Aliniuliza swali moja.

"Oili ya giaboksi umepima?"

"Kila asubuhi, fundi. Iko kwenye alama."

Nilisema kweli, unaona? Sikudanganya hata neno moja. Hakuniuliza kama nimeipunguza, na mimi sikusema. Yeye akaliamini jibu langu kwa sababu alimjua baba yangu na alijua nimelelewa vipi. Akaiacha oili, akageukia waya unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi, ule unaoiambia giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Akaukaza. Gari likawa baya maradufu. Likawa linachelewa kubadili gia mpaka masikio yanauma. Akaulegeza, likawa linabadili mapema mno na kukosa nguvu. Akaukaza tena nusu. Mwisho akafuta mikono, akasema, "Dada Leokadia, sijui. Nisikudanganye." Hebu fikiri, fundi mzima kukuambia hajui! Leo naona ule ulikuwa uungwana mkubwa. Siku ile niliona ni upungufu.

Baba mdogo yeye hakuona uungwana wala upungufu, aliona hasara. Kuku walikuwa wamekufa mara mbili kwa joto gari likiwa limesimama njiani. Akamwendea Chande pale gerejini mbele ya wateja, akamwambia kwamba ameua gari lake, kwamba ni fundi wa kubahatisha, na kwamba mtaa mzima utajua. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikitazama viatu vyangu.

Halafu mashaka yakanihamia mimi. Baba mdogo aliniita, akaniambia kuna mtu wa Morogoro anataka pikapu akaikate auze vipuri. "Alhamisi nitapanda na wewe mpaka Mikumi," akasema. "Likifika na kurudi, sawa. Likinisimamisha njiani, Ijumaa linauzwa, na wewe utarudi kwa mama yako ukalime. Nimevumilia vya kutosha." Kwa mama kulikuwa na jembe, na nisikudharaulie jembe, mwanangu, limetulisha sote. Lakini mimi nilikwisha kuonja usukani.

Alhamisi ikafika. Mzigo ulikuwa nyanya na matenga mawili ya kuku. Baba mdogo alikaa kushoto kwangu, mikono mapajani, kama mtu aliyekwenda kusikiliza hukumu. Mpaka Ulaya gari lilikwenda kwa adabu. Nikaanza kuomba kimoyomoyo iwe ile Jumatano nyingine. Haikuwa. Kwenye mwinuko mmoja tukiwa bado na safari mbele, injini ikapiga yowe na gari likaanza kurudi nyuma pole pole. Nikakanyaga breki. Baba mdogo hakusema neno. Hilo ndilo lililoniumiza, afadhali angefoka. Tukakaa kwenye jua, nikawapepea kuku kwa kipande cha boksi, gari likapumzika, likaondoka, likagoma, likaondoka. Tuliingia Mikumi saa ambayo wapishi walikuwa wameshapakua chakula cha mchana.

Banda la mwisho lilikuwa la Mama Zuhura, mwanamke wa maneno na moyo. Alipoona tulivyo akasema, "Nyanya nitazipokea hivyohivyo, kesho nitapikia mchuzi. Ila jamani, baba yangu yupo humu ndani, amekuja kunisalimia kutoka Ruaha. Alitengeneza mitambo ya mashamba ya miwa mpaka amestaafu. Si mumwonyeshe?"

Baba mdogo akasema haina haja, gari limeshauzwa. Lakini mzee mwenyewe alikuwa ameshatoka, kanzu imekunjwa mikono, kofia kichwani, mswaki mdomoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Baba mdogo naye akaamkia.

"Marahaba, wanangu. Linasumbua nini?"

Jina lake lilikuwa Mzee Nassoro. Nilimweleza yote, kona, miinuko, petroli yenye maji, kinyongo, waya, nikayachanganya kama nilivyoyapokea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mama, hayo ni maneno ya watu. Gari lenyewe tumelisikiliza?"

Akatuomba tulisogeze mahali pa tambarare. Akaniambia niwashe, niliache lingurume, nishike breki nipitishe gia zote moja moja, pole pole, kwenda na kurudi, kisha niweke ile ya kuegesha. Nikafanya. Kisha mkono wangu ukaenda kwenye swichi nizime, maana nilidhani anataka kupima oili.

"Unazima nini?"

"Si unataka kupima, mzee? Oili hupimwa injini imezimwa."

"Nani kakufundisha?"

"Baba yangu."

Nilisema kwa sauti ya kugombana, na nilikusudia. Mtu baki asingekuja kunisahihishia marehemu. Mzee Nassoro akautoa mswaki mdomoni, akanitazama, na sura yake ikawa laini.

"Baba yako hakukosea, mwanangu. Alikufundisha injini, na ya injini ni hivyohivyo. Hili ni jambo jingine, hakupata kukutana nalo. Usimbebeshe marehemu mzigo ambao hakuufunga yeye."

Machozi yalinilengalenga, sijui kwa nini hasa. Nikaiacha injini ikanguruma. Alichomoa stiki, akaifuta kwa kitambaa safi, akairudisha, akaichomoa tena na kunionyesha. Oili haikufika hata alama ya chini. Ilikuwa ncha tu imelowa, na hapo kwenye ncha ilikuwa na mapovu. Akainusa, akasema imeanza kuungua lakini haijaharibika kabisa. Kisha akapiga goti, akachungulia chini ya gari kwa muda, akapapasa sampo, akasimama.

"Pakavu," akasema. "Giaboksi haili oili kama injini. Ikipungua, ama imevuja, ama imetolewa. Haikuvuja. Nani kaitoa?"

"Chande!" baba mdogo akadakia. "Si nilisema? Yule fundi wa Kilosa. Ameiba mpaka oili!"

Mwanangu, sikiliza hapa vizuri, kwa maana kisa chote kiko hapa. Kidumu kilikuwa chini ya kiti changu, nyuma ya visigino vyangu. Chande hakuwepo. Baba mdogo alishamhukumu. Ningenyamaza tu, dakika moja, gari lingepona, ufunguo ungebaki kwangu, na mtu ambaye tayari ametukanwa angetukanwa kidogo zaidi. Nisikufiche, nilinyamaza. Nilihesabu pumzi tatu au nne nikiwa nimenyamaza. Kichwani nikajiambia nilipunguza kwa nia njema, kwa hiyo si kosa. Nikajiambia nitamwambia baba mdogo baadaye, gari likishapona. Unajua jinsi akili inavyokuwa wakili hodari mwenye akili hiyo akiwa ndiye mshtakiwa.

Mzee Nassoro alikuwa akinitazama mimi. Wala hakunitazama kwa ukali, alinitazama kama mtu anayemngojea mwenzake amalize kufunga kamba za viatu.

Nikashuka. Nikavuta kidumu, nikakiweka chini mbele yao. Kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu.

"Ni mimi," nikasema. "Kila Jumatatu niliikuta imezidi."

Baba mdogo alikitazama kidumu, akanitazama mimi, akakitazama tena. Kisha akaingiza mkono dirishani, akazima gari, akachomoa ufunguo na kuutia mfuko wa shati. Hakuna kofi ambalo lingeniuma vile.

Mzee akamwomba akae. Akatueleza, naye alieleza kwa miwa kwa sababu ndiyo aliyoijua. "Injini ikifanya kazi, oili hii inapanda, inajaza kila chumba cha giaboksi, inasukuma gia. Ukizima, inashuka chini kupumzika. Likilala siku nzima, inashuka zaidi. Binti yako alipima Jumatatu, baada ya Jumapili nzima ya mapumziko. Sasa wewe nenda kambi ya wakata miwa Jumapili, utakuta wanaume wamejaa mpaka unasema, hawa wamezidi, nusu waondoke. Ukiwaondoa, Jumatatu shambani utamkuta nani?" Kwenye mwinuko, akasema, ile oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na hewa haisukumi gari. Likipumzika oili inajikusanya, ndiyo maana linaondoka.

Kisha akanigeukia. Ndilo karipio pekee alilonipa, na alilitoa kwa sauti ya chini. "Kosa la kupima silihesabu. Hukujua, na kutojua kuna dawa. Ila uliona jambo la ajabu, oili inazaa, ukalificha kwa sababu ulidhani utachekwa. Ungelisema siku ya kwanza, hata mtoto wa shule angekuambia oili haizai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na karibu kimuumbue mwingine."

Ile ya kidumu aliikataa, kwa kuwa imechanganyika na mabaki ya mafuta ya kula. Ikanunuliwa mpya ya aina yake dukani barabarani. Baba mdogo akautoa ufunguo ili injini iwashwe, lakini alikaa yeye kwenye usukani. Mzee akanipa mimi faneli. Nikamimina kidogo, nikapima linanguruma, nikamimina, nikapima, mpaka ikakaa kwenye alama ya moto, ile ya kupimia injini ikiwa imeshapata joto. "Usipitishe," akanionya, "ikizidi kweli nayo inatoa mapovu." Mwisho akaurudisha waya wa Chande kwenye alama yake ya kiwandani. Hakumsema vibaya Chande. Alisema tu, "Mtu akipewa nusu ya habari, atatengeneza nusu ambayo haijaharibika."

Kurudi, baba mdogo ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa kushoto. Gari lilipanda ule mwinuko kama vile haupo, na mimi sikuweza hata kufurahi, kwa kuwa ufunguo haukuwa wangu tena na nilijua hivyo. Nilidhani tunakwenda nyumbani. Akakata kona, akasimamisha mlangoni pa gereji ya Fundi Chande, akazima.

"Shuka ukaseme," akaniambia.

Nikasema. Mbele ya wateja, kama alivyotukanwa mbele ya wateja. Nilisema giaboksi niliinyonya mimi, kwamba aliponiuliza nilimjibu ukweli wa nusu, na kwamba alipotukanwa nilikuwepo nikanyamaza. Baba mdogo naye akamwomba radhi, kwa kifupi, akiangalia pembeni, lakini aliomba. Chande alizungusha spana mkononi. Nilijua amekasirika na alikuwa na haki. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu mwenye kiu, "Kwani huyo mzee amesema inapimwaje?"

Alikuwa hajui! Miaka yote ile, naye alikuwa hajui, na alitaka kujua kuliko alivyotaka kukasirika. Baba mdogo akanitazama. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akanirushia.

"Washa," akasema. "Mwonyeshe."

Basi, mwanangu. Nimeendesha miaka mingi baada ya siku ile, na hata sasa ambapo mna simu za kuwajibu kila kitu, naona vijana mnapotea palepale nilipopotea. Kwa hiyo shika haya. Ukifundishwa jambo na umpendaye, liheshimu, lakini jua alilifundisha kwa ajili ya kitu gani, usilibebe ukalipachike kila mahali halafu likikataa ukadhani unamtetea. Ukitaka kujua kitu kama kinatosha, kipime kikiwa kazini, na mtu vivyo hivyo. Usimpime mwenzio akiwa amelala ukamkata. Kitu kikikushangaza, sema mapema, mshangao wako ungali mdogo. Na ukienda kwa fundi, au kwa daktari, au kwa mzee, usijibu alichouliza tu. Mwambie na mikono yako ilifanya nini. Hapo ndipo penye uchungu, najua, mimi nilihesabu pumzi nne. Wewe hesabu mbili.

Mungu akupe kazi unayoipenda kiasi cha kuogopa kuipoteza, na siku hofu hiyo itakapokushika koo, akufungue kinywa. Akukutanishe na mtu wa kukungojea mpaka useme. Na ukishasema, akurudishie ufunguo wako. Amina.